Farasi wa Kijivu wa Bodorvár

Kaunti ya Bodorvár haipo tena. Mwaka 1876 wakubwa wa serikali mjini Pest waliifuta kwa sheria moja. Sehemu kubwa wakaipa kaunti jirani ya mashariki, kipande kilichobaki wakaitupia ile ya kusini, na nyumba kuu ya kaunti ikageuzwa ghala la tumbaku. Kaunti ilikuwa imeishi zaidi ya miaka mia sita. Ilikuwa na vijiji arobaini na vitatu, mto mmoja usio na samaki wa maana, misitu ya mialoni iliyokuwa mali ya bwana mmoja, na waungwana wengi kuliko ng'ombe. Zamani za vita na Waturuki, mfalme mmoja alikosa fedha za kuwalipa walinzi wa ngome, akawalipa uungwana, ulioandikwa kwa Kilatini juu ya ngozi. Wajukuu wa walinzi hao walilima mawe. Walivaa makubazi ya kufunga kwa kamba kama jirani zao watwana, na walinuka mbuzi vilevile. Lakini hawakulipa kodi, kila baada ya miaka mitatu walipiga kura ya kuchagua maofisa wa kaunti na kulishwa nyama siku tatu na wagombea, na hapakuwa na askari aliyeweza kuwalaza chini na kuwapiga. Hili la mwisho ndilo walilolipenda zaidi.

Maana katikati ya ua wa nyumba ya kaunti palikuwa na benchi pana la mwaloni, miguu yake imechimbiwa ardhini, lina pete za chuma za kufungia mikono. Jua na theluji vilikuwa vimelipausha, na watu wakaliita Farasi wa Kijivu. Aliyelazwa juu yake alisemwa amempanda farasi. Mtwana alimpanda kwa kuchelewa kazini kwa bwana, kwa kuokota kuni, kwa jibu la mkato. Mwungwana hakumpanda, hata angeua mtu.

Orsolya alimwona farasi huyo mara ya kwanza akiwa na miaka tisa. Baba yake, Ambrus, alikuwa mchoma mkaa wa bwana, na mwaka ule ng'ombe wake mmoja wa kukokota gari alimfia njiani, mkaa ukafika kwa wahunzi ukiwa umechelewa siku mbili. Viboko ishirini na vinne. Mama yake alikuwa kitandani na mtoto mchanga, kwa hiyo akapelekwa Orsolya kumshikia baba kofia, kwa sababu mtu hakulazwa na kofia kichwani, na kofia ikiwekwa chini katika ua ule iliibwa. Aliishika kwa mikono miwili kama bakuli la supu ya moto. Baba hakulia. Alipofunguliwa alisimama, akapandisha suruali, akamgeukia ofisa aliyekuwa akivuta kiko dirishani, akatamka maneno ambayo kila aliyepigwa alilazimika kuyatamka, la sivyo aliongezewa.

"Nashukuru kwa adhabu ya huruma."

"Sijasikia," ofisa alisema.

Baba akarudia kwa sauti, na mtu fulani aliyekuwa akilisha farasi wa kweli kando ya ukuta akacheka. Orsolya aliangalia juu. Dirishani, nyuma ya yule ofisa, palikuwa na kijana wa kiungwana mwenye nywele zilizopakwa mafuta, ameinamia karatasi, anaandika. Hakuinua hata jicho. Kati ya vyote alivyoviona siku ile, huyo ndiye aliyemkaa moyoni: mtu aliyeketi ndani, kwenye kivuli, ambaye yanayotokea uani ni kazi yake ya kuandika tu.

Alipofika miaka kumi na tisa akaolewa na mwungwana.

Boldizsár Berkes wa Kőpatak alimwona kwenye kinu cha maji akiinua gunia la ngano bila kusaidiwa. Alikuwa na mashamba saba ya mawe, ng'ombe mmoja, na upanga usio na ala. "Nimepata mke na punda kwa sherehe moja," aliwaambia wenzake siku ya harusi, nao wakagonga vikombe. Ukoo wa Berkes ulikuwa nyumba tatu, na nyumba zote tatu ziliishi kwa ngozi moja ya uungwana. Watu waliiita ngozi ya mbwa, ingawa ilikuwa ya ndama. Ilikaa kwa Boldizsár kwa kuwa alikuwa wa tawi kubwa, ndani ya mkebe mrefu wa bati uliofungwa kwenye boriti juu ya kitanda. Kila Pasaka aliishusha, akaikunjua mezani, akawasomea waliokuwepo. Kilatini hakukijua, alisoma kwa moyo alichosomewa na baba yake, na baba yake kwa baba yake. Orsolya hakuruhusiwa kuigusa. Aliruhusiwa kufuta vumbi la mkebe.

Boldizsár alimpiga mkewe, lakini kipigo hakikuwa kibaya kama kinywa chake. Kila Krismasi mzee Ambrus alipokuja na kikapu cha uyoga mkavu, Boldizsár alimsogezea kigoda kigumu kuliko vyote.

"Keti, baba mkwe. Au bado panauma?"

"Pamepona, mwanangu, pamepona," mzee alicheka.

"Jamani, mjue, matako ya baba mkwe wangu yanaijua kaunti kuliko mimi ninayeipigia kura. Mimi nimeingia mlango wa mbele mara nne. Yeye ameingia kifudifudi."

Wageni walicheka hadi machozi, na mzee akacheka nao, kwa sababu nje palikuwa na theluji na ndani palikuwa na kabichi na nyama ya nguruwe. Orsolya alipakua. Mzee alipokufa, Boldizsár alisema tu kwamba sasa itabidi anunue uyoga.

Kisha likaja la Vince. Vince ndiye yule mtoto aliyekuwa mchanga siku ya kofia. Orsolya alimlea mgongoni. Mwaka 1836 Boldizsár alikata mwaloni katika msitu wa bwana, akaazima gari la Vince kuuleta, na walinzi wa msitu wakafuata alama za magurudumu hadi uani kwa Vince.

"Kubali tu, shemeji," Boldizsár alimwambia. "Mimi wakinishika ni kesi, ni mawakili, ni miaka miwili gerezani, na dada yako atakula nini? Wewe ni nusu saa. Unalala, unaamka, unashukuru, unarudi nyumbani."

Vince alikubali. Vilikuwa viboko hamsini, na askari wa siku ile alikuwa mgeni wa kazi au mlevi, kwa maana vingi vilishuka kiunoni. Vince alikojoa damu toka vuli mpaka Kwaresima, kisha akafa, ana miaka ishirini. Kaburini, wakati udongo bado unaanguka, Boldizsár alitikisa kichwa kama mtu anayekagua farasi sokoni. "Alikuwa laini," alisema. "Baba yake alikuwa imara zaidi."

Orsolya alikuwa na mtoto mmoja aliyeishi, Ábel, na alikuwa na neno moja tu alilomwomba Mungu: Ábel aketi ndani. Karani mkuu wa kaunti alikuwa ameahidi, kwa kura za nyumba tatu za Berkes, kwamba mtoto akitimiza miaka kumi na miwili atapewa kigoda katika chumba cha waandishi. Vigoda hivyo vilikuwa vya wana wa waungwana peke yao. Ábel alikuwa na miaka kumi, na mchungaji alikuwa amekwisha kumfundisha kuandika herufi kubwa na ndogo. Jioni Orsolya alimkatia manyoya ya bata bukini na kumtazama akiandika jina la kaunti, tena na tena, mpaka wino ulipokwisha.

Vuli ya mwaka 1838, Jumatano mchana, Dienes alikuja mbio. Huyu alikuwa binamu wa Boldizsár, wa nyumba ya pili, mtu mnene mwenye pumu.

"Shemeji, Boldizsár yuko ndani."

"Ndani wapi?"

"Lupango. Jana kwenye gulio alikunywa gongo la plamu, akampiga mlinzi wa msitu kwa kiko, jicho limetoka. Wamemkamata. Anapiga kelele yeye ni mwungwana, na yule hakimu mpya anacheka. Anasema, 'Kila mbuzi wa kaunti hii ni mwungwana.' Wanataka ngozi. Wamempa mpaka kesho, kengele ya adhuhuri."

"Na isipofika?"

"Arobaini." Dienes alifuta jasho. "Mimi naenda ng'ambo ya mlima kwa mchungaji mzee, nichukue cheti cha ubatizo kwamba Boldizsár ni mwana wa baba yake. Nitafika baada ya adhuhuri. Lakini ngozi peke yake yatosha. Ipeleke wewe. Usimpe mtu mkononi njiani. Lala nayo, amka nayo. Unanisikia?"

"Nasikia, shemeji."

Hakumweleza zaidi. Yapo mambo ambayo waungwana wa Bodorvár waliambiana wenyewe kwa wenyewe na hawakufikiri kumweleza mke aliyetoka kwa watwana, kama vile mtu asivyofikiri kumweleza mgeni kwamba moto unaunguza.

Alhamisi Orsolya alimwacha Ábel kwa jirani, akautia mkebe chini ya shali, akatembea saa tatu. Alifika mjini Bodorvár, makao ya kaunti, kabla ya saa nne asubuhi. Angeweza kupanda ngazi ya nyumba ya kaunti wakati uleule. Badala yake alikwenda kuketi kwenye jiwe karibu na kisima cha uani, ambapo Apollónia muuza maandazi ya mafuta ya nguruwe alikuwa ametandika meza yake.

"Umekuja kuangalia?" Apollónia aliuliza. "Leo yupo mmoja tu, lakini ana kinywa huyo! Toka asubuhi anatutukania mama zetu dirishani. Anasema mke wake anakuja na karatasi, na akitoka atatukata masikio."

"Anasema hivyo?"

"Anasema pia mke mwenyewe ni mjinga, ndiyo maana amechelewa. Kula andazi, mama, uso wako umekuwa kama chaki."

Orsolya alikula. Alikuwa amelifikiria jambo lile njia nzima, na kwake lilionekana jepesi. Hakutaka mumewe afe. Hakutaka hata apigwe vyote. Alitaka ampande farasi kidogo. Nusu ya vile vya baba yake, kumi na viwili, kisha asimame, atoe mkebe, wamfungue, waombe radhi, na yeye arudi nyumbani na mume ambaye tangu siku hiyo hangemuuliza mtu mezani kama bado panauma. Ngozi ilikuwa ngozi. Ilichokisema kabla ya kengele ingekisema pia baada ya kengele. Hivyo ndivyo alivyowaza mtu aliyezaliwa mtwana, ambaye kwake kipigo ni jambo linalotokea, linakwisha, na mtu anabaki alivyokuwa.

Kengele ililia. Askari wawili walimtoa Boldizsár bila kofia, bila koti. Uso wake ulikuwa umevimba kwa gongo na kwa hasira. Alipofika kisimani alimwona.

"Huyo hapo! Mke wangu huyo! Anayo!" Aliwaangalia askari kwa ushindi. "Si nimewaambia, mbwa nyie? Orsolya! Toa!"

Askari mkubwa, mwenye masharubu ya kijivu, alisimama. Hakuwa mtu mbaya. "Mama, una kitu cha kumpa hakimu?"

Mkebe ulikuwa chini ya mkono wake, umepata joto la mwili.

"Nina andazi," Orsolya alisema.

Boldizsár alimkodolea macho. Kwanza alicheka, kama mtu aliyesikia mzaha usio na mahali pake. Kisha akaona kwamba mke wake anamtazama bila kupepesa, na Orsolya akaona uso wa mumewe ukianza kuelewa, kidogo kidogo, kuanzia midomoni.

"Orsi," alisema kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia nyumbani. "Orsi, mama Ábel. Usinifanyie hivi. Hujui unachofanya."

"Haya, twende," askari alisema.

Walimlaza. Alipiga mateke, wakamfunga na miguu. Hakimu kijana alisimama ngazini na karatasi yake. Pale dirishani palikuwa na mwandishi aliyeinama. Fimbo ilipoteremka mara ya kwanza Boldizsár alitukana. Mara ya tatu aliita mama yake. Mara ya saba hakuwa na maneno tena, ila sauti kama ya mlango mzito. Watu walioacha manunuzi yao walihesabu pamoja na karani, kwa mdomo, kama watoto. Orsolya alihesabu pia. Baadaye alijaribu kukumbuka kama alifurahi. Hakufurahi. Alikuwa makini tu, kama anayechunga maziwa motoni yasimwagike.

Kumi na viwili.

"Acheni!" Alisimama. "Acheni, ni mwungwana! Ngozi hii hapa!"

Fimbo ilibaki hewani. Hakimu alishuka ngazi, akauchukua mkebe, akatoa ngozi, akaiona lakiri nyekundu ya mfalme, na rangi ikamtoka. Akapanda juu mbio. Boldizsár alibaki amefungwa, suruali chini, nzi wamekwisha kumjia. Alikuwa amegeuza shavu, na jicho lake moja lilimwangalia mke wake muda wote huo, bila chuki, bila chochote.

Nusu saa ikapita kabla karani mkuu hajateremka mwenyewe, mzee safi mwenye vifungo vya fedha, yuleyule aliyekuwa ameahidi kigoda. Alisimama mbali na benchi.

"Mwanamke, karatasi hii umeitoa wapi?"

"Nyumbani, mheshimiwa. Ni ya mume wangu. Ya Berkes. Mheshimiwa anatufahamu, tulikupigia kura."

"Nawafahamu watu wengi." Alisema taratibu, kwa ajili ya masikio ya wote waliokuwapo. "Katika kaunti ya Bodorvár, mwungwana hajawahi kupigwa. Haikutokea kwa babu yangu, na haitatokea kwangu. Angepigwa mwungwana, hakimu wetu angepoteza kazi na kaunti nzima ingeshtakiwa kwa mfalme. Sasa, mtu huyu amepigwa. Watu wote wameona. Je, alipolazwa alikuwa na karatasi?"

Akamnyoshea Orsolya kidole.

"Mke wake alikuwapo, akaulizwa, akasema ana andazi. Basi si mwungwana. Mwenye haki haachi kuidai hadi ngozi yake ichanike. Karatasi itakaa kabatini mpaka tujue imeibwa kwa nani." Akamgeukia hakimu. "Vimebaki vingapi?"

"Ishirini na vinane, mheshimiwa."

"Mbona umesimama?"

Orsolya alijitupa kwenye buti za karani mkuu. Alisema ni kosa lake, ni yeye aliyechelewesha, alikuwa nayo chini ya shali, wamuulize Apollónia. Akalitaja jina la Ábel. Karani mkuu alivuta mguu wake kwa upole, kama mtu anayetoka kwenye tope.

"Mtoto gani?" aliuliza.

Vilipokwisha, Boldizsár alikataa kushukuru, akaongezewa vitano. Baada ya hapo akashukuru.

Dienes alifika na cheti cha ubatizo wakati wanampakia kwenye gari kifudifudi. Waliokuwa uani walimweleza kabla hajashuka. Alielewa yote upesi kuliko Orsolya. Nyumba tatu za Berkes zingeandikwa kwenye daftari la kodi, na wana wao wangevutwa jeshini kwa kamba. Kura hazikuwapo tena. Yeyote katika wao angeweza kulazwa kesho kwa kuni mbili.

"Ulichelewa wapi, wewe mwanamke?" alifoka, pumu imemkaba. "Wanasema ulikuwa hapahapa! Wanasema ulikuwa unakula!"

Sauti ikatoka garini, kwenye majani makavu. "Alipotea njia," Boldizsár alisema. "Walioona wameona vibaya. Mwache."

Ilikuwa mara ya kwanza katika ndoa yao kumtetea. Angesema nini kingine? Mtu aliyepigwa na kaunti anaweza kuonewa huruma. Mtu aliyepigishwa na mkewe hana mahali pa kukaa duniani.

Nyumbani alilala kwa tumbo wiki tatu. Siku alipoweza kuketi mezani, Orsolya alimwekea mkate na kitunguu, naye akausogeza mkate kando.

"Kwanza sema."

"Niseme nini?"

"Unajua. Ulikuwa pale. Uliyasikia mara mbili, kwa baba yako na kwangu."

Akasema. Tangu siku hiyo, kila mchana, kabla ya yeyote kugusa chakula, Orsolya alisimama nyuma ya kiti cha mumewe na kushukuru kwa adhabu ya huruma. Ikiwa alisema kwa sauti ndogo, Boldizsár alisema, "Sijasikia." Hakumpiga tena hata mara moja. Ábel alikua akidhani ni sala.

Miaka kumi baadaye, mwezi wa Aprili, tarishi alikuja Kőpatak na tangazo: watwana wote wameachiliwa, kodi kwa wote, bila mtwana wala mwungwana. Watu walirusha kofia juu. Kinyozi wa kijiji alimpigia Boldizsár kelele kutoka upande wa pili wa barabara.

"Mzee Berkes! Kumbe ulitutangulia tu! Wewe uliteremshwa, sisi tukapandishwa, sasa tumekutana ngazini!"

Boldizsár alirudi ndani akaketi mezani, ingawa haikuwa saa ya kula, akamngoja mkewe asimame nyuma ya kiti. Kisha vikaja vita, na baada ya vita Waaustria walioshinda na makarani wao wanaoandika Kijerumani, na kaunti ikaitwa kwa majina mengine. Benchi halikuhamishwa. Sheria mpya zilimwachilia mtwana, lakini hazikusema chochote juu ya fimbo. Boldizsár alikufa mwaka 1855 kwa kifua. Wiki ya mwisho alimwita Ábel peke yake, mlango ukafungwa, na Orsolya alikaa nje akimenya viazi.

Kigoda cha mwandishi Ábel hakukipata, si akiwa na miaka kumi na miwili, si baadaye. Alikuwa amekua mrefu, mabega mapana kama ya babu yake mchoma mkaa, na aliweza kusoma, na kwa mtu wa namna hiyo asiye na ukoo wala ardhi ya maana ilikuwapo kazi moja yenye mkate wa uhakika. Kaunti ilimwajiri kama askari. Alipewa buti, koti la bluu lenye kamba nyekundu, na chumba kimoja na jiko nyuma ya nyumba ya kaunti. Alimleta mama yake akae naye. Fimbo za mti wa hazeli alizikata mwenyewe, akaziloweka katika ndoo jikoni, kando ya ndoo ya maji ya kunywa, na Orsolya alijifunza kutokosea ndoo.

Kaunti ilirudishiwa jina lake, uchaguzi ukarudi, nyama siku tatu. Wazee waliofagia vyumba vya juu walisema ipo kabati isiyofunguka kwa wingi wa ngozi zenye lakiri, kama ile ya Berkes.

Mwaka 1868, siku ya Ijumaa saa tano asubuhi, mwanamke aligonga mlango wa jikoni. Alikuwa Rebeka, mjane wa mfua majembe wa mtaa wa chini, amemkumbatia bata bukini mnono, miguu imefungwa kwa utambaa.

"Mama Orsolya, nimesikia wewe ni mtu wa huruma. Mwanangu Lőrinc anapanda leo. Ishirini na vitano. Alivunja uzio wa padri, ni ujinga wa vijana tu. Lakini ana mafigo mabovu, mama, toka utotoni anavimba miguu. Mwambie Ábel apige juu, mgongoni, asishuke kiunoni. Avipige vyote, sikatai. Ila asishuke. Wewe ni mama, atakusikia."

Orsolya alimwacha mlangoni, akaingia. Ábel alikuwa mezani na bakuli la maharage. Alikuwa na miaka arobaini, na masharubu yake yalianza kuwa meupe pembeni.

"Kuna mama hapo nje," Orsolya alisema. "Mtoto wake ana mafigo."

"Wote wana mafigo."

"Ábel. Mjomba wako Vince alikufa kwa hilo. Piga juu. Na ukifika kumi, kumi na kitu, ulegeze mkono. Nani atajua?"

Ábel aliweka kijiko chini, akafuta mdomo kwa nyuma ya kiganja.

"Kumi na kitu," alisema. "Kumi na viwili?"

Orsolya alishika ukingo wa meza.

"Baba aliniambia kabla ya kufa. Ulikuwa kisimani toka saa nne. Mkebe chini ya shali. Ulihesabu."

"Miaka kumi na mitatu unajua?"

"Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe." Hakuwa amekasirika. Alizungumza kama anavyozungumza mtu juu ya hali ya barabara. "Nilikuwa nafikiri, siku moja ataniambia, nami nitamwambia yamepita. Hukuniambia. Basi nikazoea."

"Nilitaka aonje tu, mwanangu. Nilitaka kidogo."

"Najua. Hata huyo mama hapo nje anataka kidogo." Akasimama, akachagua fimbo ndooni, akaipangusa, akaipinda kuona kama imelainika. "Mimi sihesabu, mama. Mkono wangu unapiga tu. Anayehesabu ni mwandishi, yule anayekaa dirishani kwenye kivuli. Amevaa miwani. Nikilegeza anagonga kioo, narudia."

Akavaa koti la bluu, akafunga vifungo vyote, akatokea mlango wa mbele unaoelekea uani.

Rebeka alikuwa bado kwenye mlango wa nyuma, amesimama palepale, kidevu juu ya mgongo wa bata.

"Amesemaje, mama?"

"Amesikia," Orsolya alisema.

"Atapiga juu?"

"Amesikia, mwanangu. Kanunue mafuta ya bata umpake akirudi."

"Mungu akubariki. Mungu akulipe." Yule mwanamke alianza kulia kwa shukrani, akambusu Orsolya mkono, akamnyoshea bata. Ndege alikuwa mzito na mwenye joto, moyo wake unapiga upesi chini ya manyoya. Orsolya alisita. Kumrudisha kungekuwa kumwambia ukweli. Akampokea.